Nadharia za utandawazi na usasa: sanduku la nguo la mama yangu liko kituo gani?

Msomi wa Jioni

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa sekondari jijini Dar es Salaam. Nimerudi chuoni kusomea shahada ya uzamili ya sosholojia kwa masomo ya jioni, na nimekwama kwenye somo la nadharia. Naomba mawazo ya waliolipitia, na hata ya wale ambao hawakulisoma darasani lakini wana la kusema.

Kwa muhula mzima tumesomeshwa kana kwamba historia ya jamii ni treni ya vituo vitatu: jadi, usasa, kisha hali ambayo wenzetu wa fasihi huiita usasaleo. Tulianza na mwanauchumi Rostow na hatua zake tano za ukuaji wa uchumi za mwaka 1960, ambazo kilele chake ni jamii inayotumia bidhaa kwa wingi. Tukaja kwa mwanafalsafa Lyotard, aliyeandika mwaka 1979 kwamba watu wameacha kuyaamini masimulizi makuu ya maendeleo na ukombozi. Harvey, katika kitabu chake cha mwaka 1989, akaeleza kwamba tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 ubepari umekuwa ukiuacha mfumo wa Ford, yaani kiwanda kikubwa, ajira ya kudumu na bidhaa za aina moja, ukaingia katika uzalishaji unaonyumbulika, na kwamba mbio hizo za mtaji zimebana muda na mahali hadi dunia inahisiwa kuwa ndogo. Giddens, mwaka 1990, anazungumzia mahusiano ya watu kung'olewa mahali yalipoota na kunyooshwa katika umbali mkubwa. Bauman, mwaka 2000, anasema usasa uliokuwa mgumu kama jiwe sasa umekuwa kimiminika.

Ninawaelewa, kila mmoja kwa nafasi yake. Kinachonisumbua ni kwamba mifano yote inatoka Detroit, Paris na London. Siku moja niliuliza darasani: nchi ambayo haikupata kuwa na Ford wake itauachaje mfumo wa Ford? Mhadhiri akasema hilo ni swali zuri, niliandikie insha. Basi ndiyo hiyo insha, kurasa ishirini, na siku zinayoyoma.

Nimeamua kuandika juu ya nguo, na chanzo ni sanduku la mama. Juma lililopita nilimsaidia kulipanga upya. Chini kabisa palikuwa na doti za kanga zilizochapishwa India, ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Juu yake vitenge vya kiwanda cha Urafiki alivyonunua akiwa msichana. Na juu ya vyote sweta zito la mtumba lenye jina la klabu ya mpira wa mikono ya kijiji fulani cha Ujerumani, ambalo hulivaa akiwa kwao Lushoto kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, Wazungu wanaijua baridi. Nikiwa nimelishika lile sweta nikajiuliza: sanduku hili liko kituo gani cha treni ile? Na je, hilo neno usasaleo lina maana yoyote likisemwa mbele ya mama yangu, au ni nguo ya mtu mwingine tunayolazimishwa kuivaa?

Mwalimu Mstaafu

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa kurudi darasani. Nimesomesha somo hili kwa miaka mingi, na kwanza nikuondolee mzigo mmoja: treni ya vituo vitatu ni mali ya Rostow na wenzake waliohubiri nadharia ya kuzifanya jamii ziwe za kisasa. Usiwapakie wengine wote humo, kwa maana baadhi yao hawajakata tiketi.

Giddens, kwa mfano, hakubali kwamba usasa umekwisha. Kwake, hiyo inayoitwa usasaleo ni usasa uleule uliokolea, ambao matokeo yake yameenea dunia nzima na ambao sasa unajihoji wenyewe. Beck, ambaye kitabu chake kuhusu jamii ya hatari kilitoka mwaka 1986, mwaka uleule kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, anazungumzia usasa wa pili unaolazimika kuhangaika na hatari uliozizalisha wenyewe. Habermas aliuita usasa mradi usiokamilika. Kwa hiyo hata huko Ulaya hakuna makubaliano kwamba kituo cha tatu kipo. Na huyo Lyotard anayenukuliwa kila mahali, kitabu chake kilikuwa ripoti iliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec, nchini Kanada, kuhusu hali ya maarifa katika jamii zilizoendelea zaidi. Mpaka huo aliuweka mwenyewe mwanzoni kabisa mwa ripoti. Waliokuja kuufuta ni wasomaji wake.

Jambo la pili ni la istilahi, na hapa wanafunzi wengi hupoteza alama. Katika uhakiki wa fasihi, usasa na usasaleo ni mikondo ya sanaa: namna ya kusimulia, ya kuchanganya tanzu, ya kuuvunja muundo. Katika sosholojia tunazungumzia hali ya jamii yenyewe, yaani viwanda, dola, familia, fedha na imani. Riwaya inaweza kuwa ya usasaleo ilhali kijiji kilichoizaa hakina umeme. Ukiandika neno hilo, eleza umekusudia lipi.

Sasa kuhusu Giddens, naomba nimtetee kidogo, kwa sababu naona umemtaja kama mtu wa kupita. Anasema vitu vinavyoyang'oa mahusiano mahali pake ni vya namna mbili: alama zinazokubalika popote, fedha zikiwa mfano mkuu, na mifumo ya utaalamu ambayo mtu huiamini bila kuielewa. Lakini anaongeza jambo ambalo wanafunzi huliruka: imani hiyo haielei hewani. Kuna vituo ambapo mtu wa kawaida hukutana na mfumo kupitia sura ya binadamu, na namna binadamu huyo anavyojiweka ndiyo inayoijenga au kuibomoa imani. Yeye anataja utulivu wa wahudumu wa ndege. Mimi darasani nilikuwa nikitaja kibanda cha wakala wa fedha za simu.

Huduma hizo zilianza Kenya mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa na kuingia Tanzania mwaka 2008. Mtu aliyeko Kariakoo anabonyeza namba, na ndani ya dakika moja mama yake aliyeko Lushoto ana salio. Hapo muda na mahali vimetenganishwa kama Giddens anavyotaka. Lakini yule mama haiamini mitambo. Anamwamini kijana wa kibandani, mtoto wa jirani, anayemsomea ujumbe kwa sauti ya chini na kumhesabia noti mbele ya macho yake. Kisha angalia desturi iliyojitengeneza yenyewe: ukituma fedha bila kuongeza ya kutolea, umetuma pungufu, na utaambiwa. Hakuna kampuni iliyoiandika kanuni hiyo. Ni adabu ya kikwetu iliyokwenda kuota ndani ya mfumo wa hesabu, na Giddens mwenyewe anakiri kwamba mahusiano yaliyong'olewa hupandwa tena mahali pengine.

Anapopungukiwa ni mwanzoni kabisa. Anaufasili usasa kuwa ni namna ya maisha iliyochipuka Ulaya tangu yapata karne ya 17, ikaenea. Ukishakubali sentensi hiyo, sanduku la mama yako halina la kufanya ila kupokea.

Kaskazi

Mwalimu, shikamoo. Hapo ulipoishia ndipo ninapoanzia, maana nguo ndiyo mfano mbaya kuliko yote kwa mtu anayetaka kusema kwamba utandawazi ulitufikia jana.

Tuanze na neno tu. Wazee wetu hapa Unguja waliita kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi merikani, na wengine amerikani, na jina hilo lilitokana na mahali kilikotoka. Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kufikia mwaka 1837 palikuwa na konseli wa Marekani hapa mjini. Meli nyingi zilitoka Salem, bandari ya Massachusetts. Zilileta merikani, zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi ilitengenezewa vanishi. Pembe zilikwenda Connecticut, zikakatwa kuwa vibao vya vinanda. Sasa fuata uzi: pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa na wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikabebwa mabegani na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, ikalipia pembe ambayo mwisho wake ni sebule ya familia ya Boston ambamo binti anajifunza muziki. Hiyo ni miaka ya 1840 na 1850. Kama hayo siyo mahusiano yaliyonyooshwa katika umbali mkubwa, sijui ni nini.

Na msidhani mnunuzi alikuwa akipokea tu. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka 2008, ameonyesha jinsi ladha ya wanunuzi wa Afrika Mashariki ilivyovibana viwanda vya huko. Waingereza walijaribu kuiga merikani kwa bei nafuu, watu wakaigusa, wakaikataa. Kiwanda cha Naumkeag kilichojengwa Salem kilifuma kitambaa kikilitazama soko letu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoikausha pamba, viwanda vya Bombay vikaziba pengo, navyo vikalazimika kuifuata ladha ileile. Wasafiri wa Kizungu wa zama hizo wameacha malalamiko mengi kuhusu shanga: msafara ukifika bara na rangi ya msimu uliopita, hununui hata kuku. Mji wa bara wenye fasheni inayobadilika haraka namna hiyo uko kituo gani cha jadi?

Kanga ni ushahidi ulio wazi zaidi. Ina pindo, ina mji, ina jina. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi wa pwani hii walikuwa wakikusanya michoro na misemo hapa, kisha wakaagiza uchapaji ng'ambo, kwa nyakati tofauti Ulaya, India na Japani. Majina yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kilatini. Mchapaji wa Kijapani hakujua anachokichapa. Bibi yangu alijua, na jirani aliyelengwa na msemo ule alijua zaidi. Roland Robertson alijijengea jina miaka ya 1990 kwa kusema kwamba ya dunia nzima na ya mahali pamoja huzaliwa pamoja, na wazo hilo alilichota kwenye neno la biashara la Kijapani, dochakuka, yaani kuifanya bidhaa iwe ya pale inapouzwa. Wachapaji wa kanga walikuwa wakiifanya kazi hiyo miongo mingi kabla yake. (Na kwa kuwa Msomi umetaja treni, iko kanga isemayo: Sisi sote abiria, dereva ni Mungu. Rostow hakuiona.)

Ukitaka nadharia inayolibeba hili vizuri, msome Janet Abu-Lughod. Mwaka 1989 alieleza mfumo wa dunia wa kati ya mwaka 1250 na 1350, wenye mizunguko ya biashara iliyopishana kutoka Ulaya hadi China bila dola moja kuwatawala wote, na Bahari ya Hindi ikiwa mmoja wa mishipa yake mikuu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 hakukuta watu waliokuwa wakingoja kufunguliwa mlango.

Muuza Belo

Wakubwa, shikamooni. Nimesoma kwa furaha, kwa sababu nilimaliza shahada ya kwanza ya sosholojia, nikazunguka na bahasha ya vyeti kwa miaka miwili, kisha nikaingia kwenye mitumba. Niko sokoni mwaka wa saba sasa. Dada Kaskazi, kama ni kaka nisamehe, historia yako ni tamu, ila mnunuzi wako wa karne ya 19 aliyekuwa akigusa kitambaa na kukikataa, mimi simjui.

Mimi hununua belo. Linakuja limebanwa kwa mashine, limevikwa nailoni na kukazwa mikanda, mara nyingi kilo 45, na juu yake kuna karatasi iliyoandikwa aina ya nguo na daraja. Huruhusiwi kulifungua kabla ya kulipa. Ukikata mkanda wa kwanza, belo linavimba kama unga uliotiwa hamira, na harufu ya dawa ya ghalani inakupiga usoni. Dakika tano za mwanzo ndizo zinazoamua kama mwezi huu kodi italipika. Nguo nzuri za juu lazima zirudishe karibu fedha yote ya belo. Za kati ndizo faida. Za mwisho zinauzwa kwa kurundikwa chini. Wenzetu wa Gikomba, Nairobi, wana majina mazuri kuliko yetu: zile za kwanza wanaziita kamera, na mabaki wanayaita fagia. Nimewahi kufungua belo lililoandikwa suruali za kiume daraja la kwanza nikakuta thuluthi yake imechanika magotini, na si kwa mtindo. Utamlalamikia nani? Aliyeniuzia alilipokea limefungwa, na aliyemuuzia yeye pia. Hapo Mwalimu naomba uniambie kituo cha kukutana na mfumo kiko wapi, maana mimi sijawahi kuona sura ya mtu.

Uamuzi wa kipi kije kwetu hufanywa mbali sana. Nguo zilizotolewa Ulaya na Marekani huchambuliwa hukohuko, au hupelekwa Pakistani, India na Falme za Kiarabu, zikagawanywa kwa madaraja, na kila soko likapewa lake. Kwa hiyo ladha yangu ninaitumia ndani ya belo, baada ya wengine kumaliza kutumia yao.

Kuhusu swali la Ford, Msomi, nadhani jibu lako liko katika unene wa kitambaa. Harvey anasema mtaji ulipobanwa ulitafuta kuharakisha mzunguko wake, na njia mojawapo ilikuwa fasheni: mtu anunue, achoke, atupe, anunue tena. Huku sokoni tunalipima hilo kwa vidole. Sweta la mama yako ni zito kwa sababu lilitengenezwa zama ambazo mtu alikusudia kulivaa miaka kumi. Fulana zinazokuja siku hizi zimefumwa kwa ajili ya miezi michache, na zinapotufikia miezi hiyo imekwisha. Hatukuhitaji kuwa na Ford wetu. Tunapokea masalia ya walioachana naye, na masalia yenyewe yanazidi kuwa mepesi.

Na kuna upande wa mabavu ambao nadharia za ladha huupita kimya. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vya nguo vya ndani vipate nafasi. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika cha Marekani kikapeleka malalamiko serikalini kwao mwaka 2017, kikidai ajira za Wamarekani ziko hatarini, na nchi zetu zikaelezwa kwamba nafasi ya kuuza bidhaa huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA inaweza kuondolewa. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwezi Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika unafuu huo. Fikirieni: nchi inaadhibiwa kwa kukataa kununua nguo zilizokwisha kuvaliwa. Nami nakiri kwamba azimio lile lingetekelezwa, ningefunga meza. Nililiogopa na kuliunga mkono siku hiyohiyo.

Watu wa mtaani waliobadilisha herufi moja wakauita utandawizi hawakuhitaji muhula mzima.

Msomi wa Jioni

Nawashukuru sana. Muuza Belo, ile ya unene wa kitambaa imenifanya nirudi kulishika tena sweta la mama, na ni kweli, mishono yake ni ya mkono uliokuwa na nafasi. Nadhani insha imepata uti wa mgongo: tofauti kati ya merikani na belo ni kwamba katika merikani mnunuzi aliweza kumrudishia mtengenezaji neno, na katika belo neno halirudi.

Lakini nina mambo mawili yanayonikera bado. Kaskazi, unajibuje hoja ya mabavu? Na Mwalimu, kati ya kanga na sweta kuna tabaka ambalo hakuna aliyeligusa, vitenge vya Urafiki. Sijui niviweke wapi.

Kaskazi

Muuza Belo, ni dada, na umesamehewa.

Hoja ya mabavu naikubali, na sikupaswa kuisimulia merikani kana kwamba ilikuwa biashara ya watu sawa, wakati mwanzo wa uzi ni mtumwa wa Mississippi na mwisho wake ni kijiji kilichochomwa moto kwa ajili ya pembe. Ninachokataa ni kuutumia uonevu kama sababu ya kumnyima mwonewa akili. Tazama majina ya hiyo mitumba yenyewe. Sisi tuliita mzigo wenyewe, mtumba. Waganda wakasema mivumba. Wanyarwanda wanasema caguwa, ambalo ni chagua letu lililovuka mpaka. Wazambia wanaofuata Kibemba wanasema salaula, yaani kupekua rundo na kuteua. Wazee wa Bara walikuwa wakiziita kafa Ulaya, kwa imani kwamba mwenyewe lazima alikuwa amefariki, maana nani mwenye akili timamu atatupa koti zima? Katika majina hayo yote sioni hata moja linalosema tumepewa. Watu wameitaja kazi yao, ya kuchagua. Kisha nenda kwa fundi cherehani aliyekaa pembeni ya meza ya Muuza Belo, uhesabu suruali ngapi zinabanwa, mashati mangapi yanakatwa mikono, kabla hazijatoka nje ya soko.

Mwalimu Mstaafu

Muuza Belo, marahaba, na kwenye hoja ya kituo cha kukutana na mfumo umenipata. Giddens anaandika kuhusu abiria anayemwona mhudumu wa ndege. Hakumwandikia mtu aliyeko kwenye shehena. Ningekuwa bado nasomesha, ningeliweka belo lako kwenye mtihani.

Naongeza jambo ambalo Msomi anaweza kulitumia. Hoja za mabavu hazikuja Afrika Mashariki kutoka nje kama zinavyosomeshwa. Wallerstein alikuwa mtafiti wa Afrika kabla ya kutoa juzuu yake ya kwanza kuhusu mfumo wa dunia mwaka 1974. Giovanni Arrighi alisomesha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Walter Rodney alikuwa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipotoa, mwaka 1972, kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kwa hiyo miaka michache baada ya Rostow kuchora vituo vyake, jibu mojawapo lilikuwa likiandikwa mwendo wa daladala moja kutoka mahali unapoishi.

Sasa vitenge. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Kitenge kile kilikuwa sehemu ya masimulizi makuu katika maana kamili ya Lyotard: taifa linalojitegemea, linalolima pamba yake, linaloisokota, linaloichapa na kuivaa. Kwa hiyo unapoulizwa kama Tanzania ilipata kuwa na Ford wake, usiharakishe kusema hapana. Palikuwa na king'ora cha zamu na mishahara ya mwisho wa mwezi, na kijana kutoka kijijini alikuwa akijifunza pale kuishi kwa saa ya ukutani. Ulikuwa mfumo wa Ford wa dola, uliojengwa na wajamaa.

Halafu ulianguka, na namna ulivyoanguka ndiyo inayomtia Lyotard mashakani. Yeye anasema masimulizi makuu hufa kwa kutoaminiwa. La kwetu lilipungukiwa fedha za kigeni. Mashine zilikosa vipuri na rangi, mwaka 1984 serikali ikalegeza masharti kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mitumba ikafurika sokoni, na mwaka 1986 nchi ikatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Waliokuwa wakiliamini simulizi lile wengi waliendelea kuliamini wakiwa wamevaa kafa Ulaya. Hii siyo hali ya usasaleo kama ilivyoandikiwa Quebec, na wala sidhani kuna neno lililokwisha tungwa kwa ajili yake. Muulize mama yako kwa nini vitenge vile amevitunza. Liandike jibu lake kama atakavyolisema, usilisahihishe.

Msomi wa Jioni

Nimemuuliza, Mwalimu. Alisema: "Hivyo ni vyetu." Nikamuuliza kanga je, akasema kanga ni zake. Sweta akasema ni la baridi. Nimeyaandika yote matatu kama yalivyo, na nimekaa nayo tangu jana jioni.

Muuza Belo, kaka, ningependa kuliona belo likifunguliwa kabla sijaandika sura ya tatu. Je, naweza kuja Jumamosi, na nije saa ngapi?

Muuza Belo

Karibu sana. Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, usimame upande wa ukutani ili usikanyagwe, na usivae viatu vya wazi. Ukichelewa nusu saa hutakuta kamera hata moja. Utakuta fagia, na fundi cherehani akiwa ameshaanza kazi.